Chanjo, Hesabu na Mgonjwa wa Kisukari Asiyejijua

Hoja ninayoitetea ni moja, na nitaitaja mapema ili kila mmoja aipime kadiri tunavyosonga. Tunapopiga hesabu ya namna chanjo itakavyowakinga watu wenye kisukari na magonjwa ya kuambukiza, macho yetu huelekea kwenye nguvu ya chanjo: inakinga kwa asilimia ngapi, kwa miaka mingapi, kwa bei gani. Maswali hayo ni ya haki. Lakini katika nchi zetu namba inayoamua matokeo ni nyingine, nayo haimo ndani ya kichupa cha chanjo. Ni idadi ya wenye kisukari wanaojua kwamba wanacho. Ninadai kwamba kipimo cha sukari ni sehemu ya mpango wa chanjo sawasawa na jokofu linaloihifadhi, na kwamba hesabu zenyewe, zikipigwa kwa uaminifu, ndizo zinazotulazimisha kusema hivyo.

Kwa wasioizoea taaluma hii, nianze na chombo chenyewe. Mwaka 1927 William Kermack, mwanakemia aliyepofushwa na mlipuko wa maabara, na Anderson McKendrick, daktari aliyekuwa amefanya kazi India, walichapisha milinganyo ambayo hadi leo ndiyo mama wa modeli za magonjwa ya mlipuko. Waliigawa jamii katika mafungu matatu: wanaoweza kuambukizwa, wanaoambukiza, na waliokwisha kutoka katika mnyororo kwa kupona au kwa kufa. Milinganyo inaeleza kasi ya watu kuhama kutoka fungu moja kwenda jingine, na waliilinganisha na vifo vya tauni ya Bombay ya 1905 hadi 1906. Waligundua jambo ambalo wengi hawakulitarajia: mlipuko huanza kuzimika kabla watu wa kuambukizwa hawajaisha, mara tu wanapopungua chini ya kiwango fulani. Kiwango hicho ndicho msingi wa kile tunachokiita kinga ya jamii. Surua, ambayo kwa kawaida mgonjwa mmoja anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, hudai kinga kwa asilimia 92 hadi 94 ya watu. Ugonjwa wenye kasi ndogo hudai kiasi kidogo.

Uzuri wa milinganyo ile ni wepesi wake, na wepesi huo umenunuliwa kwa dhana moja nzito: kwamba watu wote ni sawa. Dhana hiyo ilipingwa mapema sana. Mwaka 1760 Daniel Bernoulli aliiambia Akademia ya Sayansi ya Paris kwamba kama kila mtoto angepandikizwa ndui ili apate kinga, wastani wa maisha ungepanda kutoka miaka 26 na miezi 7 hadi miaka 29 na miezi 9. Jean d'Alembert alisimama akapinga. Hakuukataa upandikizaji, aliukataa wastani. Miaka mitatu inayoongezwa mwishoni mwa maisha, alisema, haiwezi kuwekwa kwenye mizani moja na hatari ya kufa mwezi huu, wala faida ya dola si faida ya mtu mmoja. Naona d'Alembert alikuwa na haki zaidi kuliko alivyotambuliwa wakati wake, maana swali lake ndilo linalotukabili leo: wastani huu ni wa nani?

Mtu mwenye kisukari si wa wastani huo. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, chembe nyeupe za damu zinazopaswa kukimbilia vijidudu na kuvimeza huchelewa na hulegea. Mwaka 2008 Christie Jeon na Megan Murray walikusanya tafiti 13 kuhusu kisukari na kifua kikuu. Katika zile zilizowafuatilia watu kwa muda, mwenye kisukari alionekana kuwa na hatari takriban mara tatu ya kuugua kifua kikuu. Mwanza, Tanzania, watafiti waliwapima sukari wagonjwa wa kifua kikuu pamoja na watu wengine wa mji uleule: asilimia 16.7 ya wagonjwa walikuwa na kisukari, dhidi ya asilimia 9.4 ya wale wengine, na uhusiano ulikuwa mkali zaidi kwa wasio na virusi vya UKIMWI. Hiyo ni tofauti ya kwanza, ya kuugua. Ya pili ni ukali wa ugonjwa. Katika wimbi la kwanza la UVIKO-19 kule Uingereza, mwaka 2020, karibu theluthi moja ya waliofariki hospitalini kwa ugonjwa huo walikuwa na kisukari. Ya tatu ni mwitikio kwa chanjo yenyewe, ambao kwa baadhi ya chanjo, kama ile ya homa ya ini ya B, hupungua kwa wenye kisukari na hupungua zaidi kwa wazee. Modeli inayowatumbukiza watu hawa katika fungu moja na wengine hukosea mahali patatu kwa mpigo mmoja, na makosa hayo hayafutani.

Hapo mtu makini atauliza: kama chanjo inawafanyia kazi kidogo wenye kisukari, si busara kumpa yule ambaye mwili wake utaitikia vizuri? Swali hili limewachanganya wengi, na jibu lake ni hesabu ya darasa la saba. Chukua watu 1,000 wasio na kisukari, ambao 10 kati yao wangeugua. Chanjo yenye nguvu ya asilimia 60 itawaokoa 6. Sasa chukua 1,000 wenye kisukari, ambao kwa hatari ya mara tatu 30 kati yao wangeugua, na tuseme kwao chanjo imedhoofika hadi asilimia 40. Itawaokoa 12. Dozi zilezile, zikiwa dhaifu, zimeokoa watu mara mbili zaidi. Ili faida ilingane, nguvu ya chanjo kwa wenye kisukari ingepaswa kuporomoka hadi asilimia 20. Udhaifu wa mwitikio ni sababu ya kutafuta chanjo bora au dozi ya nyongeza. Haujawahi kuwa sababu ya kumruka mgonjwa.

Sasa nije kwenye namba yenyewe. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, katika atlasi yake ya 2021, lilikadiria kwamba barani Afrika watu wazima milioni 24 wana kisukari, na kwamba asilimia 54 kati yao hawajui. Tuwachukue watu 1,000 wa namna hiyo. Wanaojijua ni 460. Tuwe wakarimu, tuseme asilimia 80 ya wanaojijua wanafika kliniki na wanachanjwa: ni watu 368. Chanjo ikiwa na nguvu ya asilimia 60, waliokingwa ni 221. Wanasayansi wakihangaika miaka kumi wakatuletea chanjo ya asilimia 90, jambo ambalo lingekuwa ushindi mkubwa wa maabara, waliokingwa watafika 331. Lakini tukiibakiza chanjo yetu ileile ya asilimia 60, tukapima sukari hadi 800 kati ya wale 1,000 wajijue, waliochanjwa watakuwa 640 na waliokingwa 384. Kipimo cha tone la damu kidoleni kimeishinda chanjo ya ndoto. Namba hizi za mfano nimezichagua mimi, isipokuwa ile ya 54; yeyote anaweza kuweka zake. Mradi wasiojijua wabaki kuwa nusu au zaidi, mpangilio wa matokeo ni mgumu kugeuka.

Kuna njia ya kulikwepa tatizo hili, nayo ndiyo pingamizi zito kuliko yote: acha kuwatafuta wenye kisukari, chanja kila mtu mzima aliyevuka umri fulani, na wasiojijua watakuwa humohumo. Nakubali bila kusita kwamba penye chanjo tele njia hii ni bora. Lakini tukumbuke hali halisi ya Julai 2021, Tanzania ilipopokea shehena yake ya kwanza ya chanjo ya UVIKO-19: dozi 1,058,400, kwa nchi ya watu wanaokaribia milioni 60. Kipaumbele kilitolewa kwa wahudumu wa afya, wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, na wenye magonjwa sugu. Mpangilio huo ulikuwa wa busara. Hata hivyo fikiria mwanamke wa miaka 42, mwenye kisukari cha miaka minne ambacho hakijawahi kupimwa, anayeamka usiku mara tatu kwenda haja ndogo na kudhani ni uchovu wa kazi. Katika orodha ile hana pa kusimama. Hajafika umri, si mhudumu, na ugonjwa wake hauna jina. Sera ilimtaja, ila yeye hakujua kuwa ametajwa. Uhaba ndio huleta orodha za kipaumbele, na hakuna anayeweza kuahidi kwamba mlipuko ujao utatukuta na dozi za kumwaga.

Kifua kikuu kinaliweka jambo hili wazi zaidi, kwa sababu ni ugonjwa unaosubiri. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba takriban robo ya watu duniani wameambukizwa bakteria wake. Wengi hawataugua kamwe, kwani mwili umemfungia mdudu. Kwa hiyo modeli ya kifua kikuu lazima iwe na fungu la walioambukizwa bila kuugua, na ukiingiza kisukari kila fungu linagawanyika mara mbili, kukiwa na mlango wa kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Mlango huo ndio kiini cha mambo. Mtu anaweza kuambukizwa akiwa na miaka 20, akaishi salama miaka thelathini, kisha kisukari kikamfika akiwa na miaka 50 na kumfungulia bakteria aliyelala. Chanjo ya BCG, iliyotumika kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921, humkinga mtoto mchanga na kifua kikuu cha ubongo na kile kinachosambaa mwilini, lakini haimsaidii sana mtu mzima na ugonjwa wa mapafu. Ndiyo maana matumaini yameelekezwa kwenye chanjo mpya iitwayo M72/AS01E, iliyojaribiwa Kenya, Afrika Kusini na Zambia kwa watu wazima waliokuwa tayari wameambukizwa: katika miaka mitatu ilipunguza kuugua kwa karibu asilimia 50. Jaribio kubwa la awamu ya tatu lilianza Afrika Kusini mwaka 2024.

Tuseme chanjo hiyo inafuzu, nasi tunaipanga kwa vijana wa miaka 15 hadi 25, umri ambao wapanga sera wengi wangeupenda kwa kuwa shule na vyuo hurahisisha kazi. Kama kinga yake itadumu miaka kumi, itakuwa imekwisha kabla ya kisukari cha aina ya pili kuanza kuwafika walio wengi. Modeli isiyo na mlango wa kisukari haitauona upungufu huo. Itaonyesha mteremko mzuri wa wagonjwa na kutupa furaha ya mapema. Modeli yenye mlango itatuambia kwamba wakati unaofaa wa dozi kwa mtu huyu, ama ya kwanza ama ya kurudia, ni siku anayogundulika na kisukari. Lakini kwa asiyepimwa siku hiyo haiji. Au huja baada ya miaka mingi ya sukari kupanda, bakteria akiwa ameshaamka. Namba ya wasiojijua hupunguza idadi ya wanaofikiwa, na juu ya hilo huwachelewesha hata wale wanaofikiwa hatimaye. Hesabu yangu ya watu 1,000 ilikuwa na huruma kupita kiasi, maana haikuhesabu muda.

Wako wanaosema kwamba takwimu zetu ni chache mno kubeba modeli za namna hii, na kwamba tunajenga ghorofa juu ya mchanga. Uchache wa takwimu ni wa kweli. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kisukari kwa asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Ule wa Kenya wa 2015, uliohusisha watu wa miaka 18 hadi 69, ulitoa takriban asilimia 2. Sehemu ya tofauti inaelezwa na umri wa waliopimwa, lakini si yote. Ukiingiza asilimia 9 katika kanuni ya kawaida pamoja na hatari ya mara tatu, kisukari kinabeba takriban asilimia 15 ya kifua kikuu kwa watu wazima. Ukiingiza asilimia 2, kinabeba chini ya 4. Majirani wawili wanaoshiriki mpaka, lugha na mabasi ya usiku, na modeli ileile inatoa maamuzi mawili tofauti kabisa. Wapinzani huliona hili kama ushahidi dhidi ya modeli. Mimi naliona kama kazi yake bora kuliko zote. Imetuonyesha ni namba ipi ikikosewa huharibu kila kitu, na namba hiyo haihitaji darubini ghali wala maabara ya kigeni. Inahitaji watu wapimwe sukari.

Pingamizi jingine linatoka Kilifi, na ni la heshima kwa sababu limejengwa juu ya kazi njema. Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya bakteria wa nimonia mwaka 2011. Watafiti wa Kilifi waliofuatilia magonjwa makali yanayotokana na aina za bakteria zilizomo ndani ya chanjo waliona yakipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano, na, hili ndilo la kushangaza, kwa asilimia 81 kwa watu wa miaka 15 na zaidi ambao hawakuchanjwa kabisa. Bakteria huyu hukaa puani mwa watoto. Ukimfukuza pale, babu mwenye kisukari analindwa bila kuguswa na sindano. Basi kwa nini tusiendelee na watoto tu? Kwa bakteria huyu, kwa aina zile, jibu ni kwamba tuendelee, na kwa bidii. Ila njia hiyo haiwezi kunyooshwa hadi kwenye kifua kikuu cha mtu mzima, kilichoingia mwilini miaka thelathini iliyopita, wala kwenye homa ya ini ya B inayopita kwenye damu. Kwa maradhi hayo, mtu mzima mwenye kisukari lazima afikiwe yeye mwenyewe.

Homa ya ini ya B inanipa pingamizi dhidi ya hoja yangu mwenyewe, na sitaki kuliruka. Marekani, tangu mwaka 1996, idara ya afya ilikuwa imepokea taarifa za milipuko 29 ya ugonjwa huo katika nyumba za kutunzia wazee, na 25 kati ya hiyo iliwahusisha wenye kisukari waliokuwa wakisaidiwa kupima sukari. Mnyororo wake ulikuwa mdogo wa kutisha. Mhudumu anapita chumba hadi chumba na kalamu moja ya kuchomea kidole. Sindano yake ndogo hubadilishwa, lakini kalamu yenyewe haibadilishwi, na damu isiyoonekana kwa macho hubaki kwenye ncha yake au kwenye mashine ya kupimia. Virusi hivi vinaweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi. Kipimo kilichokusudiwa kumlinda mgonjwa kikawa njia ya kumwambukiza. Mwaka 2011 kamati ya taifa ya chanjo ya huko ilipendekeza kuwachanja wenye kisukari wote wa chini ya miaka 60 ambao hawajachanjwa, na kwa wenye miaka 60 na kuendelea ikamwachia daktari aamue, kwa kuwa mwitikio na faida hupungua kadiri umri unavyopanda. Kwetu funzo ni zito zaidi, kwa sababu chanjo ya homa ya ini ya B iliingia katika ratiba ya watoto ya Kenya na Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watu wazima wengi wanaohudhuria kliniki za kisukari leo walizaliwa kabla ya hapo. Ninapotaka watu wengi zaidi wapimwe sukari, ninataka vidole vingi zaidi vichomwe. Modeli ya kweli inapaswa kuihesabu hatari hiyo. Dawa yake inajulikana: vichomeo vya kutumika mara moja na kutupwa, kimoja kwa kila mtu, bila kubana matumizi hapo. Anayepanga upimaji bila kununua hivyo anapanga mlipuko.

Limebaki swali la fedha, ambalo nitalijibu kwa ufupi kwa sababu ushahidi wake haupindi. Mwaka 2015 watafiti walichapisha modeli ya nchi 13 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Waliona kwamba kuzuia tu kisukari kisiendelee kuongezeka kungeepusha wagonjwa wapya milioni 6 wa kifua kikuu na vifo milioni 1.1 katika miaka 20. Hiyo ni faida ya upande mmoja wa mzani, kabla ya kuhesabu miguu iliyookolewa, figo na macho. Ni kweli kwamba utapiamlo unasababisha kifua kikuu kingi kuliko kisukari, na asiwepo wa kuchukua shilingi ya chakula kuileta huku. Lakini kipimo cha sukari kinamhudumia mtu huyohuyo kwa maradhi mengi kwa wakati mmoja, jambo ambalo chanjo moja haiwezi kulifanya.

Tanzania na Uganda tayari zimekuwa uwanja wa jaribio la dawa za kuzuia kifua kikuu kwa watu wenye kisukari, na watafiti wa Doha wamejenga modeli za India zinazowapa wenye kisukari mafungu yao wenyewe, chanjo ikiwa mojawapo ya hatua walizozipima. Ujuzi upo, tena mwingine umezalishwa hapa kwetu. Kwa hiyo ninawaomba wanaoandaa mipango ya chanjo ya watu wazima wizarani, na wanahisabati wetu wanaoitwa kuwasaidia: msikubali modeli yoyote isiyo na fungu la wenye kisukari wasiojijua, na msipitishe bajeti yoyote ya chanjo hizo kabla ya kuandika ndani yake, kwa idadi na kwa bei, vipimo vya sukari na vichomeo vya mtu mmoja mmoja.